Afya ya Watoto: Mifupa Inayovunjika Bila Kelele



Upo ugonjwa unaomaliza misuli ya mtoto kidogo kidogo. Huitwa ugonjwa wa Duchenne, kwa jina la mganga Mfaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Huwapata hasa wavulana. Mtoto huanguka mara kwa mara, na akitaka kuinuka hujisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake. Si uchawi wala laana: ni kasoro iliyo katika mwili tangu kuzaliwa. Mwaka 1987 wataalamu waliitambua protini inayokosekana katika misuli hiyo, wakaiita distrofini.

Habari ya misuli wazazi huijua upesi. Ya mifupa huijua wakiisha kuchelewa. Ndiyo tunayotaka kuisema leo.

Mfupa hupata nguvu kwa kazi. Misuli ikiuvuta, hujijenga. Misuli ikilegea, nao hupungua. Tena dawa kama prednisoni, inayomsaidia mtoto kutembea kwa miaka zaidi, hudhoofisha mifupa. Je, tuitupe? Hasha! Mwili uliokwisha kuizoea hauwezi kuikosa ghafula. Kuiacha bila shauri la mganga kwaweza kumwua mtoto. Dawa ibaki, mifupa ilindwe. Namna gani?

Kwanza, mgongo. Pingili zake zaweza kupondeka pasipo mtoto kuanguka, pengine hata pasipo maumivu. Anayelalamika mgongo asiitwe mvivu, bali apelekwe hospitali apigwe picha. Anayetumia dawa hiyo apigwe picha ya mgongo hata kama haumwi, kila mwaka mmoja au miwili. Pingili ikionekana imevunjika, ziko dawa za kuimarisha mifupa.

Pili, maanguko. Katika kiti cha magurudumu mkanda ufungwe daima, hata kwa mwendo wa hatua kumi.

Tatu, mguu ukivunjika. Mtoto aliyekuwa akitembea bado asilazwe majuma mengi, maana huenda asisimame tena kamwe. Mwulizeni mganga njia ya kumsimamisha mapema. Na kama baada ya kuanguka anapumua kwa shida au akili inamchanganyika, mkimbizeni hospitali saa ile ile: pengine mafuta ya ndani ya mfupa yameingia katika damu na kufika mapafuni.

Nne, chakula. Maziwa na ndagala zinazoliwa pamoja na mifupa yake hujenga mifupa, na jua huusaidia mwili. Lakini chakula peke yake hakitoshi. Kisiwe sababu ya kuacha kumwona mganga.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu akienda polepole, msimsukume wala msimcheke. Mchukulieni mfuko wake, mfungulieni njia mlangoni. Mchezo wa dakika moja waweza kumnyima miguu yake kwa maisha yote.