Fedha za moshi zihesabiwe jikoni, si stoo



Kila mwaka mvua zinapoanza, benchi la watoto wenye kikohozi hapa kituoni linajaa kabla ya saa tatu asubuhi. Sababu tunaijua sote. Kuni zimelowa, mama anapikia ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi, na mtoto yuko mgongoni. Sisi wahudumu tunamfungua mtoto shati na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, tunamwanzishia dawa ya nimonia. Akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, hatusubiri gari la kesho. Baada ya siku chache wengi wanapona, wanarudi nyumbani, na wanakaa tena mgongoni kwenye moshi ule ule. Kuna mtoto mmoja nimemhesabia pumzi mara tatu katika msimu mmoja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000. Vumbi la moshi ni dogo sana, halizuiwi na pua wala koo. Linafika ndani kabisa ya pafu na kuvunja kinga ya mtoto, kisha vijidudu vinapita kwa urahisi.

Kwa hiyo nilifurahi, kama wengine, tuliposikia kwamba fedha za serikali zingekuja wilayani kwa ajili ya majiko. Leo nataka kusema jinsi ninavyoziona fedha hizo.

Wengi mnaukumbuka mradi wa DRDIP. Ulisimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, tunayoiita OPM, kwa fedha za Benki ya Dunia, na fedha zilipita kwenye serikali za wilaya zinazopokea wakimbizi, kama Isingiro, Adjumani na Yumbe. Ulianza na mkopo wa dola milioni 50 uliopitishwa mwaka 2016, na mwaka 2019 ukaongezewa ruzuku ya dola milioni 150. Humo mlikuwa na madarasa, barabara, vikundi vya kujitegemea, na sehemu ya mazingira: miti, udongo na nishati ya kupikia. Mbali na mradi huo, wilaya hupata kila mwaka ruzuku ya maendeleo kutoka Kampala, ile inayoandikwa DDEG kwenye vitabu vyao, na baraza la wilaya lina nafasi ya kuamua sehemu yake ielekee wapi.

Naunga mkono njia hii ya kupitisha fedha wilayani. Mashirika yanakuja na kuondoka, na kila moja linaanza upya na fulana zake. Wilaya haiondoki. Tena moshi haujui kadi ya mkimbizi. Unaotoka kwenye vibanda vyetu jioni unalala bondeni juu ya nyumba za wenyeji, na wao wanapochoma mashamba kabla ya kulima, sisi ndio tunaokohoa. Ofisi inayohudumia pande zote mbili ndiyo inayofaa kushika kazi hii.

Ninachopinga ni namna ya kuhesabu. Majiko yanahesabiwa yanapotoka stoo. Mama anaweka dole gumba, anapigwa picha, na kwenye taarifa inaandikwa kwamba kaya moja imeondolewa moshi. Hakuna anayerudi baada ya miezi mitatu kutazama dari la jikoni.

Sisi tunaotembelea nyumba tunalitazama. Nimekuta jiko sanifu limefanywa kiti. Nimekuta jingine limetunzia mahindi ya mbegu. Mama mmoja mwenye kaya ya watu tisa alinionyesha kwa vitendo: aliweka sufuria yake kubwa juu ya lile jiko, akaanza kusonga ugali, na jiko likayumba mpaka binti yake akalishika kwa kitambaa. "Unataka niungue?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Mafiga yake matatu yalikuwa pembeni, yametulia. Maharage nayo yanataka saa tatu motoni, na jiko lenye mdomo mdogo linataka kuni zilizopasuliwa nyembamba. Nani ana shoka? Nani ana muda?

Wengine waliyauza, na siwezi kuwalaumu. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipogawanywa kwa makundi na wengi wakapunguziwa, kila kilichokuwa na bei kilifika sokoni.

Yako mambo mawili yaliyochunguzwa mbali na hapa ambayo yangefaa kusomwa kila mara wilaya inapokaa kupanga. La kwanza ni la Malawi. Watafiti waligawa majiko yanayochoma vizuri zaidi, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000, na mwaka 2016 wakatoa matokeo: nimonia haikupungua. Majiko yale hayakuwa mabovu kuliko mafiga. Lakini mtoto aliendelea kuvuta moshi wa takataka, moshi wa jirani, moshi wa tumbaku, na majiko yenyewe yaliharibika-haribika. La pili ni la milima ya Guatemala, ambako kaya zilijengewa majiko yenye bomba la kutoa moshi nje. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Moshi waliovuta watoto ulipungua kwa karibu nusu, na ingawa nimonia kwa jumla haikuonyesha upungufu wa uhakika, ile kali ilipungua kwa karibu theluthi moja.

Mimi nasoma hivi: jiko peke yake halisafishi hewa ya kijiji. Ukisafisha chungu kimoja katikati ya vyungu mia vinavyofuka, umemsaidia mama kuni, jambo jema, lakini pafu la mtoto halijapata nafuu kubwa. Na hapo ndipo fedha za umma zinapohitajika, kwa mambo ambayo kaya haiwezi kuyafanya peke yake hata ikitaka.

Kaya inaweza kukausha kuni chini ya paa, kupasua vipande vyembamba, kufunika sufuria, kuloweka maharage usiku, na kumweka mtoto nje au mlangoni. Hayo tutaendelea kuyafundisha. (Na wanaopikia mkaa kwenye mbabula, tafadhali: kwa sababu moshi wake hauonekani, watu huiingiza ndani usiku kupasha joto chumba. Hewa yake haina harufu na inaua waliolala. Iacheni nje.)

Lakini kaya haiwezi kujenga jiko la shule. Jiko la kupikia uji wa wanafunzi 1,000 linawaka kutoka alfajiri, mara nyingi kwenye banda lisilo na bomba, na wapishi wanatoka macho mekundu kama waliopigwa. Bomba moja pale linaondoa moshi mwingi kuliko majiko mengi ya kugawa, na halibebeki kwenda sokoni. Kaya haiwezi kuondoa takataka za soko. Zikikosa gari zinachomwa, mifuko ya plastiki na chupa humo humo, upepo ukielekea kwenye vyumba vya wagonjwa. Kaya haiwezi kuhamisha mashine ya kusaga inayotema moshi wa dizeli kwenye foleni ya kina mama na watoto. Na kaya haina shamba la kuotesha miti ya kuni karibu, ili mtu apate muda wa kuikausha badala ya kuchoma mbichi siku ile ile aliyoikata.

Wako watakaosema mambo haya ni ghali na hayaonekani upesi, na kiongozi anataka kitu cha kugawa kabla ya uchaguzi. Nakubali kwamba kugawa kunaonekana. Wengine watasema hewa haipimiki. Hilo silikubali. Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikitengeneza vipima hewa vya AirQo tangu mwaka 2015, vya bei nafuu, vinavyostahimili vumbi na joto letu na vinavyoweza kutumia nguvu ya jua. Mamlaka ya jiji la Kampala imevitumia kujua moshi uko wapi. Wilaya inaweza kuomba viwili: kimoja sokoni, kimoja shuleni. Kisha kabla ya kujenga bomba tuandike namba, na baada ya kujenga tuandike nyingine. Na kwa majiko ya nyumbani, malipo ya mwisho kwa mkandarasi yasubiri hadi miezi sita, baada ya wahudumu wa afya ya jamii kupita nyumba kwa nyumba na kuona mangapi yana majivu ya jana. Hesabu hiyo haihitaji mashine. Inahitaji daftari na miguu, na miguu tunayo.

Nisimalizie kwa kunyoosha kidole wilayani tu. Kituo tunachofanyia kazi kina shimo la kuchomea taka nyuma ya chumba cha kujifungulia. Tunachoma glovu, mabomba ya sindano na maboksi, na siku ya upepo moshi unarudi hadi kwenye lile benchi la watoto wanaokohoa. Nimeligusia mara mbili kikaoni, na mara mbili nimeambiwa hakuna bajeti ya tanuru lenye bomba refu. Basi hilo nalo lina mahali pake.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango yake huzungumzwa mapema, kwenye mikutano ya bajeti ya Oktoba na Novemba, na kabla ya hapo vijijini. Viongozi wa RWC na wale wa LC tatu hualikwa. Mwaka huu tumewaomba watuachie nafasi mbili, moja ya mpishi wa shule na moja ya mhudumu wa afya. Mpishi ameshakubali. Atakwenda na lile shati lake la kazini, bila kulifua.