Dawa Inayovizia mRNA

Kutoka Kinindo, Burundi, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nchini humo malale, ugonjwa wa mbung'o, bado yapo.

Ili kuielewa dawa yake mpya, tuanze na mRNA, nakala ya jeni inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Seli yenye kiini haitumii mRNA ikiwa mbichi: huikata, huiunga, huivisha kofia na mkia, ndipo protini hutengenezwa. Kimelea cha malale kina kioja chake: kila mRNA hupachikwa mwanzoni kipande kilekile cha herufi 39. Dawa ya akoziboroli huzuia kimeng'enya CPSF3 kinachoikata mRNA, na kimelea hufa. Ilijaribiwa Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208. Dozi moja ya kumeza iliponya asilimia 95 ya waliofikia hatua ya pili, kimelea kikiwa kimeingia ubongoni.

Dawa ya zamani ya malale, melasoproli, yenye aseniki, iliua baadhi ya wagonjwa.

Kwa kuwa kuielewa mRNA kumezaa tiba kama hii, wizara za elimu ziipe nafasi katika masomo ya sekondari.