Kasha la Filamu ni Amana: Namna ya Kulichagua na Kulitumia

Baadhi ya vijana wetu wamevutiwa na kamera kubwa za zamani, zile zenye mkunjo wa ngozi mfano wa kodiani, ambazo husimamishwa juu ya miguu mitatu na mpigaji hujifunika kitambaa cheusi. Wanapotuuliza, aghalabu huuliza habari za lenzi. Sisi twaona kwamba swali linalostahiki kutangulia ni la kasha la filamu. Lenzi njema ikikutana na kasha bovu, picha huharibika bila mpigaji kujua, na hugundua siku ya kusafisha filamu. Ikiwa aliyeketi mbele ya kamera ni babu mwenye miaka tisini, huenda nafasi ya pili isipatikane.

Tuanze na maelezo ya chombo chenyewe. Kamera hizi hazitumii filamu ya kuviringishwa. Hutumia vipande bapa, na ukubwa ulioenea zaidi ni inchi 4 kwa 5. Wapo pia watumiao inchi 5 kwa 7 na inchi 8 kwa 10. Kila kasha hubeba vipande viwili, kimoja kila upande, na kila kipande hufunikwa na bamba jembamba linalochomolewa wakati wa kupiga picha. Chini ya kasha pana ulimi mdogo wenye bawaba ya kitambaa. Ulimi huo hufunguliwa gizani ili filamu itelezeshwe ndani, chini ya kingo mbili nyembamba zinazoishika.

Kazi kubwa ya kasha ni mbili: kuzuia nuru, na kuiweka filamu mahali pake hasa. Mpigaji huitazama taswira kwanza juu ya kioo chenye ukungu nyuma ya kamera. Kisha huingiza kasha, na filamu inapaswa kukaa palepale kilipokuwa kioo. Kwa kipimo cha inchi 4 kwa 5, kina kilichokubaliwa kutoka uso wa kasha hadi inapolala filamu ni inchi 0.197, yaani takriban milimita 5. Kasha lililopinda likaacha kipimo hicho hutoa picha isiyo kali, na mpigaji akailaumu lenzi isiyo na hatia.

Sasa tuje kwenye kununua. Makasha mengi yanayouzwa leo ni mitumba. Ya plastiki yenye majina ya Fidelity, Lisco na Toyo ni ya kawaida, na yakiwa mazima hufaa kabisa. Ya mbao hupendeza macho, lakini mbao hupinda na viungo vyake huachia. Tahadhari ya kwanza ni kipimo. Yapo makasha ya sentimita 9 kwa 12 ambayo kwa nje yanalingana na yale ya inchi 4 kwa 5, na huingia vizuri kwenye kamera ileile, ilhali filamu ya inchi 4 kwa 5 haiingii ndani yake. Tahadhari ya pili ni makasha ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya vioo. Kioo ni kinene kuliko filamu, hivyo filamu ikiwekwa humo bila kibamba cha chuma cha kuishikilia, haikai mahali pake.

Ukishalishika kasha mkononi, likague kwa utaratibu. Chomoa kila bamba ulitazame kuelekea jua, kwani tundu dogo kama ncha ya sindano latosha kuharibu picha. Fungua ulimi uangalie bawaba yake ya kitambaa. Kitambaa hicho ndicho huchakaa kwanza, na kikipasuka nuru hupenya. Rudisha bamba uone kama linateleza bila kukwama, na kama linabanwa vyema mdomoni. Asiye na hakika afanye jaribio hili: atie karatasi ya picha gizani, aliweke kasha juani dakika chache kila upande huku mabamba yamefungwa, kisha aisafishe karatasi. Ikitoka nyeupe, kasha ni zima. Ikitoka na michirizi myeusi, mahali pa michirizi patamwonyesha pa kuziba.

Kutia filamu ni kazi ya vidole, kwa kuwa hufanyika katika giza totoro au ndani ya mfuko mweusi wa kubadilishia. Kila kipande kina vipengee vidogo vilivyokatwa pembeni. Ukikishika kipande kwa urefu wake, vipengee vikawa juu mkono wa kulia, basi upande wenye dawa unakutazama wewe. Upande huo ndio uelekee nje, kwenye lenzi. Telezesha filamu chini ya kingo zote mbili, kisha ijaribu kwa ukucha: ikiinuka pembeni, haijashikwa. Ulimi ukikataa kufunga sawasawa, filamu haijafika mwisho. Twamshauri anayeanza atoe kipande kimoja mhanga, ajizoeze nacho mchana macho wazi, kisha macho yamefumbwa, mpaka mikono ikariri.

Bamba lina alama ambayo wapigaji wote huitegemea. Upande mmoja wa mshikio wake ni mweupe, wa pili mweusi. Mweupe ukiwa nje, filamu ni mpya. Mweusi ukiwa nje, filamu imekwisha kupigwa. Upande mweupe huwa na vinundu ili vidole viutambue gizani. Anayepuuza kuligeuza bamba baada ya kupiga atakuja kupiga picha mbili juu ya filamu moja: uso wa nyanya juu ya uso wa mjukuu, na zote mbili zimepotea.

Mbele ya kamera, mpangilio ni huu, wala usiruke hatua. Tazama kwenye kioo na uweke taswira iwe kali. Funga shata ya lenzi na uitege. Ingiza kasha mpaka ukingo wake ulale kwenye mfuo wa kamera. Subiri kamera itulie. Chomoa bamba moja kwa moja bila kulipindisha. Piga. Rudisha bamba upande mweusi ukiwa nje, pembe zote mbili zikiingia kwa pamoja. Anayechomoa bamba kabla ya kufunga shata ameimwagia filamu nuru yote.

Wapo wanaouliza kwa nini taabu yote hii. Mpigaji wa Marekani, Ansel Adams, mwaka 1941 alipita kijiji cha Hernandez katika jimbo la New Mexico, akauona mwezi umepanda juu ya makaburi na misalaba inang'aa kwa jua la machweo. Alisimamisha kamera yake ya inchi 8 kwa 10 kwa haraka, hakukiona kipima nuru chake, akakadiria kwa kuujua mwangaza wa mwezi. Alipiga kipande kimoja. Alipogeuza kasha ili apige cha pili cha akiba, jua lilikuwa limekwisha kuondoka kwenye misalaba. Picha hiyo imekuwa miongoni mwa zilizo mashuhuri kabisa duniani, na ilitegemea upande mmoja wa kasha moja uliokuwa umetiwa filamu ipasavyo kabla ya haja.

Kwa familia zetu lipo na jambo jingine. Kila kipande husafishwa peke yake, hata nyumbani, katika sinia tatu na chumba chenye giza. Picha ya mama au ya binti haina haja ya kupita mikononi mwa wageni. Sitara hiyo ina thamani yake.

Mwisho ni utunzaji. Vumbi likikaa juu ya filamu huacha kidoa kwenye picha, basi piga makasha brashi laini kabla ya kutia. Andika namba kwenye kila kasha, ili doa likijirudia ujue latoka wapi. Sisi wa pwani, kwenye joto na unyevu, tuyahifadhi ndani ya mifuko iliyofungwa pamoja na vipakiti vya kukausha, wala tusiyaache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kijana aliye na makasha mawili mazima aliyoyajaribu mwenyewe ana picha nne za kutegemea. Hizo zatosha kwenda kumketisha babu Jumapili hii, inshaallah.