Kambi Gani?

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu soka na ukimbizi, barua na simu zote zimekuja na ubishi uleule: Nestor Irankunda ni wa nani? Warundi wanadai damu. Waaustralia wanatoa pasipoti, na juu ya pasipoti penalti aliyowafunga Wapalestina kule Perth mnamo Juni 2024. Watanzania nao, ambao miaka yote hawakutaka kusikia habari za watoto wa kambini, wameamka siku kijana aliposajiliwa na Bayern Munich wakakumbuka kwamba Kigoma iko Tanzania. Ametoka Bayern kwa mkopo kwenda Grasshopper ya Zürich, mwaka 2025 akahamia Watford, na kila anapohama watu wanamgombania upya kama shamba la mpakani.

Mimi ubishi huo hauninyimi usingizi. Kinachoniudhi ni kwamba katika kelele zote hizo sijamsikia mtu akiuliza swali ambalo mwenyeji yeyote wa Kibondo angeliuliza kabla hajaketi: kambi gani?

Wasifu mwingi wa Irankunda unaanza kwa mtindo mmoja. Alizaliwa Februari 2006 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, wazazi wakiwa wamekimbia vita Burundi. Basi. Sentensi inayofuata iko Australia, na hapo ndipo majina yanapoanza kumiminika: Perth, Adelaide, mtaa alikokulia, klabu ya Adelaide United, mechi ya kwanza ya ligi Januari 2022 akiwa na miaka 15, bao la mpira wa adhabu lililomtambulisha. Mwandishi hajiulizi kama mkoa huo ulikuwa na kambi zaidi ya moja. Miaka ile upande wa Kibondo, kabla Kakonko haijamegwa kuwa wilaya, kulikuwa na Nduta na Kanembwa. Upande wa Kasulu kulikuwa na Mtabila na Muyovosi, achilia mbali Nyarugusu ya Wakongo. Mwandishi gani angeandika kwamba mchezaji fulani alizaliwa "katika mji wa Uingereza", na mhariri gani angempitisha?

Nimekwisha kujibiwa kwamba Irankunda aliondoka akiwa mchanga, kwa hiyo kambi haina mchango katika mguu wake. Nakubali, kwa yeye. Lakini mtindo huohuo anaandikiwa Awer Mabil, aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1995 na kukaa huko hadi alipokuwa na miaka kumi. Miaka kumi! Huyo alijifunza mpira Turkana, peku, akipiga mpira wa mifuko ya plastiki. Juni 2022 alipotia penalti dhidi ya Peru mjini Doha na kusaidia kuipeleka Australia Kombe la Dunia, magazeti yaliandika juu ya kijana aliyeponyoka kambini. Waliomfundisha kukokota mpira, waliomkaba, waliomzidi akiwa na miaka tisa, hao hawamo. Kambi imeandikwa kama giza ambalo mtu hutoka, na giza halina timu wala mfungaji bora.

Sasa niruhusuni niwapeleke Berlin, maana huko ndiko hoja yangu ilikojificha. Steve Bloomer hahitaji utambulisho kwa wanaosoma historia ya soka: mabao 28 katika mechi 23 za timu ya taifa ya Uingereza kati ya 1895 na 1907, mabao 352 ya ligi kwa Derby County na Middlesbrough. Katikati ya 1914, akiwa amestaafu na umri wa miaka 40, alikwenda Berlin kuifundisha klabu ya Britannia. Hajazoea hata njia ya kwenda uwanjani, vita vikaanza. Novemba mwaka huo Wajerumani waliwakusanya wanaume raia wa Uingereza wakawafungia Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi magharibi mwa jiji. Walilazwa katika mabanda ya farasi. Watu elfu nne na zaidi, uzio, foleni ya chakula, matope. Anayeijua Nduta wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Humo ndani Bloomer alimkuta Fred Pentland, aliyecheza naye Middlesbrough. Alimkuta John Cameron, yule aliyeiongoza Tottenham kutwaa Kombe la FA mwaka 1901 akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Walikuwapo pia Sam Wolstenholme na John Brearley. Wakaunda chama chao cha soka, wakapanga ligi ya mabanda, wakaweka na kombe. Mei 1915 kikosi cha Waingereza kilipambana na kikosi cha mataifa mengine kilichoongozwa na Cameron, na mechi kubwa zilivuta watazamaji hadi elfu moja. Bloomer alikaa humo hadi Machi 1918, akacheza na kriketi vilevile, na kabla hajaondoka wenzake walimwandalia mechi ya kumuaga.

Haya yote tunayajua, na ndiyo nataka msomaji ayapime. Wasifu wa Bloomer hauruki Ruhleben. Unaihesabu miaka ile kama sehemu ya maisha yake ya mpira, baina ya Derby na Hispania, ambako aliifundisha Real Unión ya Irún na kutwaa nayo Kombe la Mfalme mwaka 1924. Pentland naye, ambaye baadaye aliijenga Athletic Bilbao na kusaidia kuwanoa Wahispania waliowafunga Waingereza 4-3 mjini Madrid mwaka 1929, hupewa kambi yake kama sura yenye majina na matokeo. Hakuna mwandishi anayesema walifanikiwa kwa sababu "walitoka kambini". Kambi ilikuwa mahali walipofanyia kazi yao.

Tofauti imetoka wapi? Si katika mpira. Ruhleben ilikuwa na walimu, wanamuziki, wachapaji, watu wenye kalamu na muda wa kupoteza. Ilikuwa na gazeti lake. Na nyuma yake ilikuwa na serikali iliyotaka kujua raia wake wanaendeleaje. Wafungwa walikuwa na kwao, na walijua watarudi. Lakini hata humo kalamu ilichagua. Mabaharia weusi waliokuwa raia wa dola ileile ya Kiingereza waliwekwa banda lao peke yao, na hao hawakuachiwa kurasa kama alizoachiwa Bloomer. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba uzio ndio unaofuta majina.

Nirudi nyumbani. Nduta ilifunguliwa upya Oktoba 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya muhula wa tatu wa Nkurunziza. Ilikusudiwa watu 50,000. Kufikia 2017 ilikuwa na zaidi ya 100,000, na mwishoni mwa 2021 kambi ya Mtendeli ilipofungwa watu wake nao waliletwa hukohuko. Mji wa ukubwa huo hauwezi kukosa mpira. Jua likipoa, kila penye kipande kisicho na nyumba wala mhogo pana chandimu; zoni kwa zoni, watu wamejaa pembeni, refa anatukanwa kwa Kirundi na kujibu kwa Kiswahili. Mtoto aliyeingia Nduta mwaka 2015 akiwa na miaka 8 alitimiza 18 mwaka 2025. Huo ndio umri wote ambao klabu za wenzetu huuita akademi.

Kijana huyo hakuweza kwenda kujaribiwa Kibondo mjini bila kibali. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na kanuni za kambi zimemfunga ndani ya kilomita nne, na kibali hakitolewi kwa sababu eti kuna mechi Jumamosi. Jambo hilo lingekuwa la kusikitisha tu kama si Ligi Kuu yetu kuwapenda Warundi kiasi hiki. Amissi Tambwe alikuwa mfungaji bora akiwa Simba msimu wa 2013/14, akarudia akiwa Yanga 2015/16. Didier Kavumbagu alichezea Yanga na Azam. Saidi Ntibazonkiza, baada ya Uholanzi, Poland na Ufaransa, aliwafungia mabao Yanga, Geita na Simba. Wote walipokewa kwa mashada na picha za usajili. Mrundi akitua na ndege kutoka Bujumbura ni mchezaji wa kulipwa wa kigeni. Mrundi aliyekulia kilomita chache kutoka uwanja wa Kibondo ni suala la Wizara ya Mambo ya Ndani. Mashujaa ya Kigoma, ambayo tangu 2023 imo Ligi Kuu na inahangaika kutafuta washambuliaji kama wengine, iko mkoa mmoja naye.

Na wanaosema Irankunda "ni wetu" wasome kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995, ambacho kwa maneno yake kinamtambua kuwa raia karibu kila aliyezaliwa katika ardhi ya Jamhuri. Kisha waende ofisi yoyote na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa Nduta, wajionee sheria hiyo inavyotekelezwa. Tunamtaka yule mmoja aliye Watford. Wenzake walioanzia palepale tumewaandikia kadi za mgawo.

Yaliyomo. Makala inayoongoza inamfuata Gael Bigirimana kutoka Bujumbura hadi Uganda, Coventry, Newcastle na hatimaye Yanga mwaka 2022. Mwandishi wake ana jicho zuri, hasa kwenye fainali ya Wembley ya Aprili 2017 ambako Bigirimana aliifungia Coventry bao la kwanza, ingawa Uganda kaipitia mbiombio mno kwa ladha yangu. Makala juu ya Saido Berahino itawagawa wasomaji. Inadai kwamba kuitwa kwake Uingereza Novemba 2014 bila kuchezeshwa ndiko kulikoipa Burundi nahodha wake wa AFCON ya 2019. Mimi naona hoja imenyooshwa kupita kiasi, maana Burundi ilifika Misri kwa sare ya Bujumbura na Gabon, kwa jasho la watu ambao Uingereza haikuwahi kuwaita, na ilipofika huko haikupata hata bao moja. Nimeichapa kwa sababu imeandikwa vizuri. Kuna makala fupi juu ya Kigoma ya wanasoka akina Manara na Juma Kaseja, ambayo wazee wa Ujiji wataifurahia. Kuna na uhakiki wa vitabu.

Kilichokosekana katika toleo hili kimekosekana kwa sababu hakuna aliyekiandika: ratiba, vikosi na matokeo ya kambi zetu. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, na sijawahi kuona hata msimamo mmoja wa ligi yake. Safari za kurejea Burundi zilianza Septemba 2017, na kila msafara unapoondoka Nduta kuna timu inayoamka asubuhi bila kipa au bila winga wa kushoto. Aliyejua nani alifunga kwenye fainali fulani yumo kwenye basi, njiani kwenda Ruyigi au Cankuzo, na begi lake halina nafasi ya daftari.

Kuanzia toleo lijalo, kurasa nne za mwisho ni za kambi. Nimeziondoa kwenye uchambuzi wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na najua kuna wasomaji watakaolalamika, lakini hao wana televisheni. Tunapokea kutoka kwa waliokuwa Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Mtabila na Muyovosi, walipo sasa, iwe Gitega, Adelaide au Kasulu: jina la timu, zoni, mwaka, nani alicheza wapi, nani alimshinda nani. Kirundi, Kiswahili na Kifaransa vyote vinafaa. Kama tarehe imesahaulika, andika ilikuwa kabla au baada ya mgawo kupunguzwa, nasi tutaipata. Madaftari ya marefa tutayapiga picha na kuyarudisha kwa wenyewe. Na mwandishi wa habari yeyote atakayetuletea wasifu wa mchezaji aliyezaliwa "kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma" ajue atarudishiwa.