Brexit: Kura ilisema «kutoka», haikusema kwenda wapi

Tarehe 23 Juni 2016, wakaaji wa Uingereza waliulizwa swali moja tu: inchi yao ibaki ndani ya Umoja wa Ulaya ao itoke? Watu milioni 17.4, sawa na asilimia 51.9 ya waliopiga kura, walijibu itoke. Milioni 16.1, sawa na asilimia 48.1, walijibu ibaki. Kwa hesabu hiyo, mtu angefikiri mjadala umekwisha. Kumbe ndio ulikuwa unaanza. Inchi ilihitaji miaka mitatu na nusu, mawaziri wa kwanza watatu na chaguzi mbili za bunge kabla ya kutoka kweli, tarehe 31 Januari 2020.

Mabishano ya miaka hiyo yanawagusa pia wasomaji wa mashariki mwa Kongo. Tangu mwaka 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sauti zinazouliza inchi inapata faida gani humo husikika mara kwa mara. Kabla ya kujibu, ni vizuri kuangalia yaliyowapata waliotangulia kutoka.

Maswali mengi ndani ya swali moja

Ahadi ya kura hiyo ilitolewa na David Cameron, waziri wa kwanza wa wakati ule, mnamo Januari 2013. Alitaka kutuliza ugomvi ndani ya chama chake cha Conservative na kuzuia wapigaji kura wake wasihamie chama cha UKIP. Yeye mwenyewe alitaka inchi ibaki. Aliposhindwa, alitangaza kujiuzulu asubuhi iliyofuata.

Shida ya kwanza ilionekana hapo hapo. Waliosema «kutoka» hawakuwa wanataka kitu kimoja. Kulikuwa na waliotaka kuacha siasa za Umoja lakini kubaki katika soko la pamoja, kama inavyofanya Norway, ambayo si mwanachama lakini inalipa mchango na kuwakubali wafanyakazi kutoka Ulaya. Wengine walitaka mkataba wa biashara tu, kama wa Kanada. Wengine tena walitaka kukata kamba yote. Kwenye karatasi ya kura, hao wote walitia alama katika kisanduku kimoja.

Theresa May, aliyemrithi Cameron, alijibu kwa maneno mafupi: «Brexit ni Brexit». Yalisikika vizuri, lakini hayakueleza kitu. Alipoleta mkataba wake bungeni tarehe 15 Januari 2019, wabunge 432 waliukataa na 202 tu wakaukubali. Aliurudisha mara mbili, na mara mbili ukakataliwa. Tarehe 27 Machi mwaka huo, wabunge waliamua kutafuta njia wenyewe. Walipigia kura mapendekezo manane: kubaki na ushuru wa pamoja, kutoka bila mkataba, kuwauliza raia tena, na mengine. Hakuna hata moja lililopata wengi. Kila njia ilikuwa na watu wengi wa kuikataa kuliko wa kuikubali.

Hesabu za basi jekundu

Shida ya pili ilikuwa ya ukweli. Upande wa kutoka ulizungusha basi jekundu lililoandikwa kwamba Uingereza inatuma Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na kwamba pesa hizo zingesaidia hospitali za serikali. Mamlaka ya takwimu ya inchi hiyo ilisema hesabu hiyo inapotosha: haikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilipewa kabla hata ya kulipa, wala pesa ambazo Umoja ulirudisha kwa wakulima na watafiti wa Uingereza. Basi liliendelea kuzunguka.

Lakini upande wa kubaki nao ulitia chumvi. Wizara ya fedha ilionya kwamba kura ya kutoka, yenyewe tu, ingeangusha uchumi mara moja. Pauni ilishuka kweli usiku ule ule, hadi kiwango ambacho haikufikia tangu mwaka 1985. Lakini mwaka 2016 uchumi haukuanguka. Basi aliyepiga kura ya kutoka akaona alitishwa bure, na aliyepiga kura ya kubaki akaona mwenzake alidanganywa na basi. Tangu siku hiyo, kila upande ulipoleta takwimu, upande mwingine ulicheka.

Ukweli ulikuja polepole, na haukufanana na ahadi wala vitisho. Ofisi ya serikali inayochunguza bajeti inakadiria kwamba, baada ya muda mrefu, tija ya uchumi wa Uingereza itakuwa chini kwa karibu asilimia 4 kuliko kama inchi ingebaki. Si maangamizi, bali ni hasara ya kila mwaka isiyopigiwa kelele: karatasi za forodha, ukaguzi wa nyama na samaki, kampuni ndogo zinazoacha kuuza ngambo kwa sababu gharama zimezidi faida.

Habari ya wahamiaji nayo iliwashangaza wengi. Katika mji wa Boston, mashariki mwa England, ambako wafanyakazi wengi wa mashamba walitoka Ulaya ya mashariki, asilimia zaidi ya 75 walichagua kutoka. Wengi walitumaini wageni watapungua. Wale wa Ulaya walipungua kweli. Lakini serikali ilifungulia wafanyakazi na wanafunzi kutoka India, Nigeria na kwingineko, na katika mwaka uliomalizika Juni 2023, walioingia waliwazidi waliotoka kwa watu zaidi ya 900,000. Waliosema «turudishe usukani» waliupata usukani. Nani ataushika na ataupeleka wapi, hilo lilikuwa swali lingine.

Raia ao bunge?

Shida ya tatu iligusa mzizi wa demokrasia. Kwa sheria, kura ile ilikuwa ya kutoa shauri, si amri. Kwa siasa, serikali ilikuwa imeahidi kufuata jibu lolote. Wabunge wengi walikuwa wametaka kubaki. Sasa nani alisema kwa jina la inchi?

Serikali ya May ilitaka kuanzisha safari ya kutoka bila kulipitisha jambo hilo bungeni. Mfanyabiashara Gina Miller alikwenda mahakamani, na Januari 2017 Mahakama Kuu ya mwisho iliamua, majaji 8 dhidi ya 3, kwamba lazima bunge lipige kura. Kabla ya hapo, gazeti moja kubwa lilikuwa limewaita majaji maadui wa raia. Mnamo Septemba 2019, waziri wa kwanza mpya Boris Johnson alifunga bunge kwa wiki tano. Majaji 11 wa mahakama hiyo hiyo walisema, kwa sauti moja, kwamba ilikuwa kinyume cha sheria.

Kwa wakati ule, waliotaka kubaki waliomba kura ya pili. Watu zaidi ya milioni 6 walitia sahihi ombi la kusimamisha safari yote. Hoja yao ilikuwa na uzito: mwaka 2016 raia waliamua bila kuuona mkataba, sasa upo, basi waulizwe kama ndio walioutaka. Hoja ya wapinzani wao ilikuwa na uzito vilevile: mtu masikini wa mji uliosahauliwa, aliyesikilizwa mara moja katika maisha yake, akiambiwa arudie jibu mpaka liwapendeze wakubwa, ataamini kura gani tena? Desemba 2019 Johnson alipata wabunge 365 kati ya 650 kwa ahadi ya kumaliza jambo hilo, na mjadala huo ukafungwa.

Walioamua na waliobeba mzigo

Matokeo ya kura yaliipasua inchi yenyewe. England na Wales zilichagua kutoka. Scotland, kwa asilimia 62, na Ireland ya Kaskazini, kwa karibu asilimia 56, zilichagua kubaki. Scotland ilikuwa imekataa uhuru mwaka 2014, wakati waliokuwa wakiupinga walisema kukaa na London ndiko kukaa Ulaya. Miaka miwili baadaye, London ikaitoa Ulaya bila ridhaa yake.

Hata orodha ya wapigaji kura ilileta maneno. Mfaransa ao Mwitalia aliyeishi London miaka 20 hakuruhusiwa. Lakini Mkenya, Mtanzania, Mganda ao Mnyarwanda mwenye kibali cha kuishi Uingereza aliruhusiwa, kwa sababu inchi yake ni ya Jumuiya ya Madola. Mkongomani asiye na uraia wa Uingereza alibaki kutazama tu.

Mzigo mzito kuliko yote uliangukia mpaka wa Ireland, wenye urefu wa karibu kilomita 500. Kwa karibu miaka 30, vita vya Ireland ya Kaskazini viliua watu zaidi ya 3,500. Mapatano ya 1998 yalileta amani, na vizuizi vya askari mpakani viliondolewa. Watu walilala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine. Uingereza ilipotoka, mpaka huo ukawa ukuta wa nje wa Umoja wa Ulaya. Ukiweka wakaguzi pale, unachokoza vidonda vya vita. Ukiwaweka bandarini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza nyingine, wale wanaojiona Waingereza watasema wametupwa. Johnson alichagua bandari, na hasira ilifuata. Ilibidi kuandika mapatano mapya mwaka 2023 kusudi ukaguzi upunguzwe. Katika kampeni ya 2016, jambo hilo halikuzungumzwa sana nje ya Ireland yenyewe.

Mkaaji wa Kasindi, Goma ao Uvira hahitaji kufundishwa maana yake. Anajua kwamba mpaka si mstari wa ramani. Ni bei ya unga, ni mama anayevuka asubuhi na kapu la samaki, ni shule, ni harusi.

Fundisho kwa Afrika Mashariki

Kanda hii ina kumbukumbu yake. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 bila raia kuulizwa. Kenya, Tanzania na Uganda ziligombania ndege na reli za pamoja; mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983, na kugawana mali kulikubaliwa mwaka 1984 tu. Walioandika mkataba wa Jumuiya ya sasa hawakusahau. Kifungu chake cha 145 kinadai theluthi mbili ya wabunge wote wa inchi inayotaka kutoka, kisha miezi 12 ya taarifa, ambamo inchi inaweza kubadili mawazo.

Kwa Kongo, malalamiko yapo na yana sababu. Kikosi cha Jumuiya kilichotumwa Kivu ya Kaskazini kiliondoka Desemba 2023, bila kumaliza vita. Anayesema Jumuiya haikumlinda hasemi uongo. Lakini Brexit inaonyesha kwamba hasira, hata yenye haki, inajibu nusu tu ya swali. Nusu ya pili inauliza: ushuru gani utalipwa Kasindi siku ya kwanza? Shehena ya Butembo ao Bunia, inayopitia Mombasa ao Dar es Salaam, itapita kwa masharti gani? Nani atajadiliana, na akiwa na nguvu gani?

Uingereza, yenye uchumi mkubwa na makarani wengi, ilianza kutafuta majibu baada ya kura. Tangu 2024 serikali ya chama cha Labour inatengeneza tena ujirani na Ulaya, kipande kwa kipande, huku ikisema haitarudi katika soko la pamoja. Karibu miaka kumi baada ya kura, wakubwa wa London bado wanajadili uhusiano gani inchi yao iwe nao na jirani ambaye haiwezi kumhama.