Takwimu zifunzwe ufuoni, si ubaoni pekee

WAHENGA walinena kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo yafaa kutafakariwa na kila mhadhiri wa somo la takwimu katika vyuo vilivyo karibu na Ziwa Victoria.

Mwanafunzi aweza kukokotoa wastani wa nambari alizoandikiwa ubaoni bila kujiuliza zilikotoka. Lakini mpeleke Luanda Kotieno, katika kaunti ya Siaya, feri za kwenda Mbita zinakotia nanga, na maswali yatamjia yenyewe.

Omena hupimwa kwa gorogoro na kwa ndoo. Je, gorogoro iliyofurika ni sawa na iliyosawazishwa mdomoni? Wavuvi wake huvua usiku kwa taa na kurejea alfajiri. Atakayefika saa nne asubuhi na daftari lake atawahesabu waliochelewa tu. Atakayefika siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti omena vyema, atadhani ziwa limekauka. Nao samaki wanaouzwa majini kabla ya mashua kufika nchi kavu hawataingia daftarini kamwe.

Hili si suala la mtihani pekee. Tangu mwaka wa 2000, Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikiendesha sensa ya wavuvi, mashua na nyavu ziwani humo. Nchini Kenya, uvuvi wa omena husitishwa kwa kipindi fulani kila mwaka ili samaki hao wazaane. Maamuzi ya aina hiyo hutegemea hesabu, na hesabu ikipotoka, anayelala njaa ni mvuvi na mama anayeanika omena, wala si aliyekosea kuhesabu.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichoko Bondo, hakiko mbali na ufuo huo. Wanafunzi wangeweza kushirikiana na kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU) kwa muhula mzima, wakichukua vipimo katika siku za giza na za mbalamwezi.

Hata hivyo, kuna sharti moja. Wenyeji wamechoshwa na wageni wanaouliza maswali kisha kutoweka. Matokeo sharti yarudishwe barazani, yasomwe kwa Kiswahili na Kijaluo, na wavuvi waruhusiwe kuyakosoa. Mwanafunzi atakayesahihishwa na mvuvi mbele ya umma hatasahau somo hilo maishani.