Mpango mkakati umetengewa pesa ngapi?

Vijana wenzangu, hasa nyinyi mnaosoma Kibabii hapa Bungoma na wazazi wenu wanaohangaika na karo, kila chuo kikuu cha umma kina vitabu viwili. Cha kwanza ni mpango mkakati wa miaka mitano, umechapishwa vizuri kwa rangi. Cha pili ni bajeti ya mwaka, inayoanza tarehe 1 Julai. Hiki cha pili wengi wetu hatujawahi kukiona.

Swali langu ni moja tu: hivi vitabu viwili vinajuana?

Mpango ukisema tutajenga maabara mpya, na bajeti haina hata shilingi ya maabara, basi tumechapishiwa ndoto. Tena ndoto ya gharama, maana kamati ilikaa vikao na chai ikanywewa.

Tuwe waungwana lakini. Wakuu wa vyuo si wachawi. Zamani serikali ilikipa chuo mgao kulingana na gharama ya kila kozi, na huo mgao ukazidi kupungua. Tangu 2023 pesa inamfuata mwanafunzi: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB na karo ya mzazi. Wanafunzi wakija wachache, au mkopo ukichelewa, mpango wa miaka mitano unaishi kwa matumaini ya muhula mmoja. Chuo changa kama Kibabii, kilichopata hati yake 2015, kitatoa wapi akiba? Cha kwanza kulipwa ni mishahara, na hata hiyo haitoshi. Mgomo wa wahadhiri nchi nzima mwaka 2025, uliotukalisha nyumbani kuanzia Septemba hadi Novemba, ulikuwa wa deni la shilingi bilioni 7.9. Baada ya hapo ndio vitabu vya maktaba vinakatwa, kwa sababu kitabu hakigomi.

Sasa pesa ikiwa kidogo ndio kupanga kunahitajika zaidi. Idara ikileta ombi la hela, iulizwe inatimiza lengo gani kwenye mpango, badala ya kuchukua bajeti ya mwaka jana na kuongeza kidogo juu. Na kando ya kila lengo chuo kiandike wazi: hili lina pesa mwaka huu, hili tumelisukuma mbele, hili tumeliacha. Ukweli huo mwanafunzi anaweza kuuvumilia. Kinachouma ni kuahidiwa.

Na sisi tusikae tu tukilalamika. Ibara ya 201 ya Katiba inataka fedha za umma ziwe wazi na wananchi washiriki. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakuruhusu uandike barua, kwa Kiswahili ukipenda, bila kulipia ombi na bila kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ombudsman.

Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ukifika, manifesto zitakuwa kibao, wifi kila kona. Yule atakayebisha mlango wa hosteli kuomba kura, muulize amesoma ukurasa upi wa mpango mkakati, na barua ya kuomba bajeti aliipeleka lini.